Kisanduku cha mandhari kutoka Uingereza, na ardhi ya mbele ya jumba

Nimekaa na kisanduku hiki cha vifaa vya kufanyia ardhi ya askari wa mezani tangu Februari bila kuandika neno. Nilitaka masika yapite juu ya kazi yangu kwanza, maana hapa Unguja gundi na rangi hazijajaribiwa mpaka zilale na unyevu wa Aprili na Mei. Sasa ni Julai, kusi imeshika, kuta zimeanza kukauka, nami nina la kusema.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni vita vya mezani. Unanunua askari wadogo wa bati au wa plastiki, wangu ni wa milimita 28 kutoka wayo mpaka jicho, unawapaka rangi mmoja mmoja, halafu mnacheza vita vilivyotokea kweli, kwa rula ya kupimia mwendo na dadu za kuamua nani kapiga na nani kakosa. Jeshi langu ni la watu waliokuwa na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza, jumbani asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga. Wanakisiwa 2,800. Kwangu mtu mmoja anasimama badala ya hamsini, kwa hiyo ninao 56. Mpwa wangu, ambaye bado yuko skuli, anachukua upande wa pili: askari 900 wa Kizanzibari waliokuwa na Waingereza, chini ya afisa wao Raikes, na mabaharia na wanamaji wa Kiingereza 150. Yeye mezani ana watu 21 tu. Lakini yeye ana manowari tano nje ya bandari, na hapo hesabu inageuka.

Mimi ni mshonaji kofia, Mkunazini. Mchana nashona, usiku nafanya askari. Mama hapendi sanamu zikae wazi chumba anachosalia, basi jeshi linalala ndani ya kasha lenye kifuniko, na ninalitoa baada ya Isha.

Askari nilikwisha kuwamaliza mwaka jana. Kanzu, vilemba, bunduki, vyote. Nikawapanga mezani, nikawatazama, nikaona hawapo popote. Wamesimama juu ya vitako vyeusi vya plastiki, vitupu, kama bidhaa kwenye rafu. Hapo ndipo nilipoagiza kisanduku cha mandhari kutoka kwa kampuni moja ya Uingereza. Nimelipa paundi 31 pamoja na nauli, na ushuru juu yake. Ndani yake kuna karatasi tatu za vishungi vya nyasi vyenye gundi chini, mfuko wa nyuzi fupi za nailoni za kufanyia majani, vipande vya magome laini vya kufanyia mawe, vitu vya plastiki ngumu (makasha, mapipa, magunia ya mchanga, gurudumu lililovunjika, mafuvu kumi na mawili), kopo la theluji, na kichupa cha maji ya bandia.

Naanza na makasha, kwa sababu kama si makasha ningelikirudisha kisanduku chote.

Jumba la Sayyid halikuwa ngome. Sehemu kubwa ilikuwa mbao, haikujengwa kwa vita, na waliokuwamo walijikinga kwa kupanga makasha, marobota na shehena za mpira. Basi mtu anayetaka kuifanya ardhi ile lazima awe na makasha, tena mengi. Haya ya kisanduku ni kazi safi. Nimeyatazama kwa kioo cha kukuzia ninachotungia uzi: mishipa ya mbao inaonekana, vichwa vya misumari vinaonekana, pembe moja imepasuka kidogo kama kasha lililodondoshwa gatini. Rangi inashika bila kuteleza ukiyaosha kwanza kwa sabuni. Mimi nimeyapaka kahawia, nikapitisha nyeusi nyepesi sana mpaka ikatulia kwenye nyufa, nikafuta juu kwa kitambaa. Yapo manane. Nilihitaji ishirini. Nimemaliza manane yao, kumi na mawili nimeyachonga mwenyewe kwa mbao za kasha la tende.

Marobota hayakuwamo kabisa, na hili nalihesabu ni pungufu la mtu aliyewaza vita vya Ulaya tu. Waliweka magunia ya mchanga. Nimeshona mwenyewe. Kwa ukubwa wa askari hawa, dhiraa moja inakuwa kama milimita nane, kwa hiyo robota la dhiraa mbili halizidi urefu wa punje mbili za mahindi zilizowekwa pamoja. Nilikata merikani kwenye baki la kazi, nikaichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea ili ipoteze weupe wa dukani, nikaianika. Ikikauka unaikunja juu ya kijipande cha pamba, unafunga ncha mbili kama mtu anayekunja sambusa, kisha unapasua uzi wa kofia mara tatu na kuupitisha mmoja tu, mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu. Ukivuta sana robota linabanwa katikati likawa kama kiuno cha nyigu. Ukiacha huru linakuwa mto. Nimefanya arobaini na nne mpaka mkono ukajua kipimo. Yakipangwa matatu matatu mbele ya askari waliopiga goti, hapo nikaona kwa mara ya kwanza kwamba watu hawa wanajificha na kitu.

Vishungi vya nyasi sasa. Vimefanywa vizuri na havifai, na ninasema yote mawili kwa haki. Karatasi moja ni kijani cha majani mabichi, ya pili ni manjano, ya tatu ni wekundu wa majani ya Ulaya yanapokaribia kupukutika, msimu ambao sisi hatunao. Nilivibandika kwenye vitako sita vya mwanzo, na askari wangu wakahamia Ulaya palepale. Kilemba, jambia, na chini yake konde la Ufaransa! Nilivibandua usiku uleule.

Nikarudi kuuliza palikuwa na nini pale mbele ya jumba mwaka 1896. Bustani ya Forodhani tunayokaa jioni kula urojo na mishikaki haikuwapo; imekuja karne ya 20. Palikuwa na pwani, mchanga, na mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la maajabu la masultani. Picha zilizopigwa baada ya mabomu zinaonyesha Beit al-Hukm, jumba la sultani lililokuwa jirani yake, imebaki kifusi. Majani si jambo la kwanza unaloliona. Kwa hiyo katika vishungi zaidi ya mia nimetumia kumi na moja, vya manjano tu, nimevipaka kijani kilichochujuka kwa sababu Agosti mvua za masika zimeshaondoka lakini ardhi haijafa, na nimeviweka penye ukuta ambapo mguu haukanyagi. Vilivyobaki vimehifadhiwa. Tena karatasi mbili kati ya tatu gundi yake ilikuwa imekauka kwa joto la safari, haishiki hata kidole. Niliwaandikia, wakaniletea nyingine bila kubishana. Hilo ni lao na ninawashukuru.

Zile nyuzi za nailoni zina somo lake. Zinatakiwa zisimame wima kama majani, na kinachozisimamisha ni umeme tuli: unatikisa chupa, nyuzi zinasuguana, zinaruka na kusimama juu ya gundi. Nilijaribu Aprili, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Zililala zote, kama ukoka uliopitiwa na ng'ombe. Hewa ikiwa na maji umeme ule haukai. Nikajaribu tena wiki iliyopita, saa nane mchana, kusi inavuma na nguo zinakauka kwa nusu saa: zikasimama. Kwenye karatasi ya maelekezo hamna hata neno moja la unyevu. Anayeishi kwetu na ajue, kazi hii ina msimu, kama kuanika karafuu.

Na karafuu zimeniokoa. Shangazi yangu wa Wete alinitumia kifurushi, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yakiwamo ndani. Nilishika konyo moja karibu na taa nikaona gogo la mti lenye matawi yake yaliyokatika. Ukilipaka nyeusi na kijivu ncha zake, ni boriti iliyoungua. Ukilichomeka kwenye mchanga, ni kichaka kilichokauka. Halina gharama, haliozi, na kasha la jeshi langu sasa likifunguliwa linanukia. Magome ya kisanduku nimeyatia kando. Ni mepesi mno, na rangi yake ya kahawia inapenya kila ukipaka nyeupe juu. Mawe ya Unguja ni meupe.

Hapa lazima nisimulie hasara yangu, ili mwengine asiipate.

Kabla ya kisanduku kufika nilikuwa nimefanya vitako kumi kwa njia yangu. Nilikwenda duka moja la vifaa vya ujenzi upande wa Darajani, la mzee mmoja ambaye tangu utotoni namnunulia sindano za cherehani.

"Shikamoo mzee. Nataka washa za chuma, hizi pete pana za kutia chini ya nati."

"Marahaba mwanangu. Ngapi?"

"Sitini."

"Sitini! Unajenga jahazi?"

Nikamtolea askari mmoja kwenye mkoba. Alimgeuza kwenye vidole muda mrefu, akavua miwani, akavaa, akaniuliza ni nani huyu. Nikamwambia ni mtu wa Sayyid Khalid. Akanipa washa kwa bei ya jumla, na akaongeza kopo la gundi nyeupe ya seremala lililofunguliwa, hakutaka hela yake. Gundi ile bado naitumia na haina mshindani kwa kubandika mchanga: unaichanganya na maji nusu kwa nusu, unapaka, unamwaga mchanga, unakung'uta, na kesho yake unapitisha tena nyepesi juu.

Kosa lilikuwa langu. Mchanga niliuchota pwani, nikautia hivyo hivyo. Ulikuwa na chumvi. Masika yalipoingia ile chumvi ikanywa unyevu, ikapanda, ikapasua rangi na kutoka nje kama ukungu mweupe. Chini yake washa za chuma zikashika kutu, na kutu ikachuruzika mpaka kwenye ukingo. Askari wanane waliharibika miguu. Wawili nimewaokoa kwa kuwapaka upya. Sasa mchanga nauosha maji baridi mara tatu, naonja tone la maji ya mwisho ulimini, nauanika juani siku mbili, nauchunga kwa chujio la chai. Na vitako nakata kwenye vifuniko vya plastiki vya ndoo. Washa hizo nimebaki nazo hamsini, nazitumia kama uzito wa kubania karatasi.

Kopo la theluji nilidhani halina kazi. Lina. Ukichanganya kijiko kimoja na gundi kidogo na tone la rangi ya kijivu na la manjano, unapata lipu iliyomwagika, chokaa ya ukuta uliopigwa. Inakaa vizuri, haitoi chumvi. Lakini nilipoiweka kando ya kitu halisi ilishindwa. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, na ukuta wa ngazini unapukutika kila mwaka, tunafagia, unapukutika. Nilichukua kile kilichofagiwa, nikakiosha kama mchanga, nikakisaga kwa chupa, nikatenga makubwa na madogo. Makubwa ni vifusi, madogo ni vumbi. Nikakisambaza mbele ya marobota, juu ya mabega ya makasha, na kidogo sana, kwa ncha ya sindano, juu ya vilemba vya wale waliosimama karibu na ukuta. Rangi yake haipatikani kwenye kopo lolote. Si nyeupe, si ya mchanga, ina wekundu wa udongo ndani yake. Niliiangalia kwa kioo na nikakaa nayo hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Wenzangu, msiende kuvunja matumbawe baharini kwa kazi hii. Kifusi kiko mitaani kwetu, tena kingi kuliko tunavyopenda. Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Sikuchukua hata punje ya pale.

Mafuvu nimeyatoa yote na kuyafunga kwenye bahasha. Upande wa jumba waliouawa na kujeruhiwa asubuhi ile ni watu kama 500, na humo walikuwamo watumishi na watumwa ambao hawakuulizwa wanamtaka sultani yupi. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Hao 500 ni watu wa mji huu, na vitukuu vyao huenda ndio wanaopita chini ya dirisha langu na baiskeli. Fuvu lao sitaliweka chini ya kiatu cha mtu liwe pambo. Mtengenezaji hakukusudia ubaya, najua; kisanduku ni kile kile kwa vita vyote. Hata hivyo ningependa wauze makasha peke yake.

Bendera hawakuweka, na sikutegemea. Nimeifanya kwa kitambaa chekundu cha bitana, mlingoti ni chelewa moja niliyoichomoa kwenye fagio, nene chini nyembamba juu kama inavyotakiwa. Bendera ile ilikuwa nyekundu tupu, na ndiyo iliyotakiwa ishushwe kabla ya saa tatu asubuhi. Haikushushwa. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na ilipofika kama saa tatu na dakika arobaini bendera ilikuwa imeangushwa kwa risasi na kumekwisha. Nikajiuliza ilikuwa inapepea kwenda wapi. Agosti ni kusi. Jumba linatazama bahari, magharibi. Mtu aliyesimama mlangoni akitazama manowari, kusi inamtokea mkono wa kushoto. Basi bendera yangu, na ncha za vilemba, na moshi wa pamba kwenye mdomo wa mzinga, vyote vinakwenda kulia. Nilipaka bitana gundi nyepesi, nikaikunja mikunjo mitatu kwa kalamu ya risasi, nikaishikilia mpaka ikakauka. Mpwa wangu alipoiona hakusema kitu cha mchezo. Aliuliza, "Mama mdogo, kwa hivyo moshi wa manowari nao unakwenda huku?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya pili alikuja na moshi wa manowari zake ameugeuza.

Kwa mtu wa hapa anayetaka kununua: kisanduku chote nakipa nyota tatu kati ya tano. Makasha na mapipa ni nyota tano, vishungi ni mbili kwa ardhi yetu, ingawa kwa mtu anayefanya vita vya Napoleon vitamfaa sana. Duka la mzee wa Darajani nalipa tano, na ukienda chukua gundi nyeupe, msasa laini na rangi za makopo madogo, usichukue washa. Ukiwa na paundi 31 na huna haraka, agiza makasha tu kwa anayeyauza peke yake, mengine yote yako nyumbani: fagio la chelewa, makumbi ya nazi, makonyo, baki la merikani, na ukuta wa ngazini.

Kichupa cha maji ya bandia bado sijasema. Ni kidogo, lakini ni kizuri, kinakauka angavu bila mapovu ukimwaga tabaka jembamba, siku mbili, kisha jingine. Nakiweka kwa ajili ya Glasgow, ile meli ya sultani iliyozamishwa bandarini na St George, manowari ya Kiingereza. Maji yalikuwa mafupi, ikakaa chini na milingoti yake ikabaki nje ya maji mpaka 1912. Nimeshakata chelewa tatu, nimefunga kamba kwa uzi wa kofia. Tabaka la kwanza nimelimwaga jana usiku. Leo asubuhi nimegusa ukingo kwa kucha, bado linanata kidogo.